Kipindi cha elimu na sanaa kwenye televisheni ya mji wetu: mwongozo kutoka Kigoma

Wengi wanaonijia kuuliza namna ya kuanzisha kipindi huanza na kamera. Ipi nzuri, inauzwa wapi, simu inatosha? Na mimi huwauliza: mtazamaji wako saa hiyo atakuwa wapi? Hapo mtu huanza kujikuna kichwa. Kamera tutaifikia, lakini kwa miaka niliyohangaika na vipindi vya masomo na ngoma hapa Kigoma Ujiji, vilivyonifia havikufa kwa picha mbaya. Vilikufa kwa sababu nilivirusha saa ambayo niliowakusudia hawakuwa mbele ya televisheni.

Hatua ya 1: Soma saa ya mji, jua na mwezi

Usinakili ratiba ya Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, na saa ya ukutani ni moja kwa wote, kwa hiyo jua letu huzama kama dakika 40 baada ya lile la Dar. Saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati kule giza linaingia, watoto wetu wa mitaa ya Gungu na Mwanga bado wanakimbizana na mpira wa makaratasi. Kipindi changu cha kwanza cha hadithi za watoto nilikiweka saa hiyo. Kilitazamwa na bibi zao. Nilipokisogeza mpaka saa moja na nusu usiku ndipo watoto wakaanza kuniita barabarani kwa jina la kipindi.

Baada ya jua, mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga huingia ziwani na taa usiku wa giza, maana dagaa hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi kubwa, na wengi hubaki nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kulala usingizi wa deni. Ukitengeneza kipindi cha kutunza injini ya boti, cha jaketi okozi au cha kuandika hesabu za mauzo, ukakirusha usiku wa giza, umewarushia wake zao tu. Chukua kalenda, zungushia siku za mwezi mpevu mwaka mzima, na hizo uziweke kando kwa vipindi vya wavuvi na marudio yake. Kumbuka mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo huwezi kusema "kila tarehe 15". Itabidi uipange ratiba hiyo upya kila mara, na mwenye kituo atakulalamikia. Mwonyeshe kalenda.

Halafu mvua na mitihani, ambavyo lazima uvisome pamoja. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, kidato cha nne Novemba. Masomo ya marudio yanatakiwa yawe hewani kabla ya hapo. Lakini kuanzia Oktoba mvua zikishika, darasa lenye paa la bati halirekodiki: tone la kwanza tu na mwalimu hasikiki. Basi rekodi Juni hadi Agosti, weka akiba, rusha baadaye. Mwaka ambao tulisema "tutarekodi tukielekea mtihani" tulimaliza vipindi 3 kati ya 10.

Hatua ya 2: Pata mlango wa kurushia

Njia ni mbili. Kuanzisha chaneli yako, ambako utahitaji leseni ya maudhui kutoka TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, pamoja na mitambo, wafanyakazi na njia ya kuwafikia watu kupitia king'amuzi au kebo. Au kupeleka kipindi kilichokamilika kwa kituo chenye leseni tayari. Kwa anayeanza, nashauri ya pili bila kusita. Ukitaka kuweka vipindi hivyo hivyo mtandaoni, kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, zilizorekebishwa 2022. Uliza TCRA kwanza kama unachofanya kinahitaji leseni. Usimsikilize rafiki wa rafiki.

Huko Marekani sheria ya kebo ya 1984 iliipa miji nguvu ya kudai chaneli za umma, za elimu na za serikali kutoka kwa makampuni ya kebo, na raia wa kawaida akaweza kuingia studio na kipindi chake. Hapa kwetu unakwenda kuongea na mwenye kituo mwenyewe, mara nyingi ukiwa umesimama mlangoni mwake. Usiende na andiko la kurasa 20. Nenda na flash yenye vipindi vitatu vilivyokamilika. Kimoja atadhani umebahatisha. Vitatu vitamwambia kwamba wiki ijayo utarudi na kingine, maana kukosa kingine ndiko kunakomtia wasiwasi kuliko yote.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja inatosha: siku na saa, marudio mangapi, nani mwenye kipindi baada ya kurushwa, nani anauza matangazo na mgawo wake, na kituo kitatoa taarifa siku ngapi kabla ya kubadilisha saa. Kipengele hicho cha mwisho nilijifunza kwa machungu. Kituo kimoja kilitutoa hewani wiki nne mfululizo kupisha mpira, na wanafunzi waliokuwa wanatusubiri na madaftari wakahama, hawakurudi.

Hatua ya 3: Swali moja kwa kipindi kimoja

Mwalimu akikuambia "nitafundisha fizikia, mada ya densiti", mwambie hiyo ni mada, siyo kipindi. Kipindi ni swali ambalo mtu anayepita mbele ya televisheni ya duka atasimama kulisikiliza.

Sisi densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, tuliifundishia sokoni. Tulichukua dumu tupu, mwalimu akalijaza mawese kwa kopo la lita moja, mara 20, kamera ikihesabu naye. Kisha akamgeukia muuzaji.

"Shikamoo mama. Hili dumu lina kilo ngapi?"

"Marahaba. Ishirini. Si dumu la ishirini?"

"Ishirini ni lita, mama."

"Haya, pima mwanangu, mizani hiyo hapo."

Mshale ukasimama kwenye 19 na nukta kidogo. Dumu lenyewe tupu lilikuwa karibu na kilo moja. Kwa hiyo lita 20 za mawese ni kilo 18 hivi. Wakajaza dumu la pili maji, kwa kopo lile lile: 21. Yule mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwandishi angelitunga: "Sasa wanaonunua kwangu kwa kilo na wanaonunua kwa lita, nani ananiibia?" Mwalimu alitupa karatasi zake pembeni na dakika nane zilizofuata zikawa za swali hilo. Kidato cha pili wakaelewa densiti, na soko zima likaelewa hesabu.

Angalia ulichonacho mlangoni kabla ya kufungua kitabu cha mtu wa mbali. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Hapo pana jiografia, presha ya maji na historia ya samaki wasiopatikana kwingine. Reli ya kati ilifika hapa 1914, na meli ya Liemba ikashushwa majini 1915 baada ya kuletwa kutoka Ujerumani ikiwa vipande vipande. Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, ni mwendo wa boti. Ujiji pana makumbusho ya mahali Livingstone na Stanley walipokutana 1871, lakini pana pia wazee wa Kimanyema ambao simulizi zao za mji zina kona ambazo wageni wale hawakuziona. Fuata hizo kona.

Hatua ya 4: Chagua watu

Usichukue mwalimu aliyechaguliwa na ofisi. Mara nyingi watakupa mwenye cheo. Mimi hutumia jaribio la dakika mbili: namwomba mwalimu amweleze muuza karanga wa nje ya geti jambo moja la somo lake. Akianza na "kwa mujibu wa mtaala", namshukuru. Akiokota karanga mbili kuonyesha anachosema, huyo ndiye.

Ruhusa usizikimbie. Ukirekodi shuleni, barua kwa mkuu wa shule na kwa afisa elimu wa halmashauri. Mtoto akionekana, idhini ya mzazi kwa maandishi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda, na hata isingekuwepo, wewe unaishi mtaa mmoja na huyo mzazi. Ukitengeneza mchezo wa kuigiza unaingia kwenye eneo la Bodi ya Filamu, kwa sheria ya 1976. Afisa utamaduni wa halmashauri atakuelekeza, na ukimwona mapema siyo siku ya kurekodi atakuwa rafiki.

Na lugha? Kiswahili, ndiyo. Ila bibi wa kijijini akianza kusimulia kwa Kiha, usimkatishe ageuze. Simulizi hupoteza ladha njiani. Mwache aseme, weka maandishi ya Kiswahili chini ya skrini, mistari miwili kwa mara moja, yakae muda wa kutosha kwa mtu kuyasoma mara mbili.

Hatua ya 5: Sauti, kisha mwanga, kisha picha

Simu nzuri inatosha kuanzia. Ilaze, isisimame. Pesa ya kwanza nunua maiki ya kubana kwenye kola, ya pili stendi, ya tatu taa. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, ila sauti inayokwaruza humfanya abadilishe chaneli kabla mwalimu hajamaliza kujitambulisha.

Kabla ya kurekodi, kaeni kimya dakika moja nzima mkisikiliza chumba. Utashangaa: friji ya jirani, feni, jenereta, jogoo. Zima unachoweza kuzima. Chumba kikiwa na mwangwi, tandika mkeka, tundika mablanketi na vitenge nyuma ya kamera, egemeza godoro ukutani. Huhitaji studio. Panga pia kando ya adhana na honi ya treni. Vitu hivyo vina saa zake, havikuvamii.

Mwanga wa dirisha ni bora kuliko taa nyingi, mradi mzungumzaji alitazame dirisha na si kulipa mgongo. Nje, epuka saa sita mpaka saa tisa, jua linapochimba mashimo machoni mwa watu. Jioni yetu ndefu ni zawadi: kuanzia saa kumi na moja hadi karibu saa moja, mwanga unaorudi kutoka ziwani unampendeza kila mtu.

Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde, ukubwa wa 1920 kwa 1080, na ukiwa chini ya taa za umeme weka kasi ya shata, yaani muda ambao jicho la kamera hufunguka kwa kila picha, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiacha shata ijipangie, ubao utapepesa kama filamu ya zamani. Ubao mweupe hung'aa na kufuta maandishi, kwa hiyo tumia ubao mweusi au karatasi za manila na maka peni nene. Mistari isizidi mitano. Kipimo changu: tazama picha kwenye simu ukiwa umenyoosha mkono. Usiposoma hapo, wa kwenye televisheni ndogo iliyofungwa juu ya kabati hatasoma.

Rekodi vipindi vinne kwa siku moja. Mwambie mwalimu aje na mashati manne.

Hatua ya 6: Ngoma hairekodiwi kama hotuba

Hapa ndipo wengi tunaharibu, na ndipo ninapopapenda zaidi, kwa hiyo nivumilieni.

Ngoma ina kukolea. Dakika tano za kwanza watu wanatafutana, wapigaji wanapasha ngozi, sauti bado ya kooni. Mpiga picha mwenye haraka hurekodi hizo, anasema "tumepata", anafunga stendi, na nyuma yake ndiyo kwanza mambo yanaanza. Mpango wangu uko hivi. Kamera ya kwanza iko juu ya stendi, picha pana, haizimwi wala haisogezwi tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti inarekodiwa na kifaa kimoja kilichowekwa mbali kidogo na ngoma kubwa, nayo haikatwi. Kamera ya pili, mkononi, inazunguka: viganja, njuga, nyayo, uso wa anayeongoza, watoto wanaoiga pembeni. Wakati wa kuhariri, sauti ile moja ndiyo uti wa mgongo. Picha zote unazilaza juu yake. Ukitumia sauti ya kila kamera, ngoma itarukaruka kila unapobadilisha picha, na mpigaji mwenyewe akiisikia atakuona mshamba.

Hiyo ni burudani. Iwe elimu, fanya kitu kimoja zaidi: baada ya mapumziko na maji, omba waivunje ngoma. Mpigaji wa ngoma ndogo apige peke yake. Kisha wa kubwa peke yake. Kisha wawili. Mzee mmoja wa Ujiji tuliyemwomba hivyo alikataa kwanza: "Peke yake haina maana, mjukuu wangu." Nikamwambia ndicho tunachotaka watu wakione. Akapiga mkono wa kulia tu, mapigo matatu na pengo. Kweli, haikuwa na maana. Halafu kijana wake akaingia kwenye lile pengo, na chumba kizima tukatikisa kichwa bila kujijua. Mzee akacheka kwenye kamera. Dakika hiyo moja imerudiwa kuliko kipindi kingine chochote nilichowahi kutengeneza, na walimu wa hesabu wameiomba kwa ajili ya kufundishia sehemu, zile za nusu na robo.

Lipa kikundi. Kama huna, sema mapema, na uwape nakala yao safi kwenye flash siku hiyo hiyo waitumie kutafuta kazi. Waandikishe makubaliano: mmerekodi nini, kitarushwa wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi na mpigaji, na inazitaja hata sanaa za jadi. Muziki wa kuanzia kipindi usiuchukue mtandaoni. Kigoma haijaishiwa wanamuziki. Mpe kijana wa mtaani siku mbili na gitaa, andikishaneni, mmemaliza.

Hatua ya 7: Hariri na kabidhi

Kwa nafasi ya nusu saa, kipindi kiwe dakika 25; zinazobaki ni za matangazo na za kituo. Sekunde 20 za kwanza onyesha swali, siyo nembo yako inayozunguka. Maandishi yasikaribie kingo, televisheni za zamani huzila. Tazama kipindi mara moja ukiwa umefumba macho, na mara moja bila sauti. Kila namna itakuonyesha kosa lake.

Muulize fundi wa kituo anataka faili la aina gani kabla hujahamisha. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, dakika 25 ni kama gigabaiti 1.5, inaingia kwenye flash ya kawaida. Usitume kwa bando. Peleka kwa mkono siku tatu kabla, ukae hapo, ulione likicheza kwenye mashine yao. Nimewahi kupeleka faili lililocheza vizuri kwangu, kwao likatoa picha bila sauti, na mji mzima ukatazama mwalimu wa kemia akichezesha midomo.

Hatua ya 8: Wakusanye watazamaji

Si kila nyumba ina televisheni, lakini kila mtaa una kibanda umiza, banda la kutazamia televisheni kwa kiingilio. Wikiendi kimejaa mpira. Jumanne jioni kipo tupu na mwenyewe amekaa mlangoni. Mwombe nusu saa. Sisi tulikubaliana wanafunzi waingie bure, yeye auze maandazi na soda.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takribani milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, kwa wiki 12. Kilichofanya kazi ni kwamba redio ilipozimwa watu walibaki wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nakili hilo. Mpe mwenye kibanda, au mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye sauti, karatasi yenye maswali matatu ya kuuliza kipindi kikiisha. Majibu yapigwe picha yatumwe kwenye grupu la WhatsApp la kipindi, na wiki inayofuata yasomwe hewani kwa jina la mtaa: "Katonga wamesema hivi, Mwandiga wamekataa." Ushindani wa mitaa utakufanyia kazi ambayo tangazo halifanyi.

Kosa likitokea, liseme kipindi kinachofuata, mwanzoni kabisa. Tuliwahi kuita kifaa cha fundi wa mitumbwi kwa jina lisilo lake. Simu zilianza kabla kipindi hakijaisha. Wiki iliyofuata tulimwalika aliyepiga wa kwanza aje atufundishe majina ya vifaa vyote, na tukapata kipindi cha bure.

Kuhusu fedha nitasema kidogo: tafuta wadhamini ambao somo linawagusa, kama muuza madaftari au muuza injini za boti. Watajwe mwanzo na mwisho, wasiingie katikati ya somo.

Hatua ya 9: Hifadhi siku hiyo hiyo

Nilirekodi saa mbili za mzee aliyefanya kazi relini maisha yake yote, nikarudi nyumbani nimechoka, na asubuhi nikafuta memori kadi nikidhani nimeshaihamisha. Niliporudi kwake miezi michache baadaye, nilikuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa kwenye mikeka.

Kwa hiyo: diski mbili, nyumba mbili tofauti. Hamisha usiku huo huo, fungua faili mwanzoni, katikati na mwisho uone linacheza, ndipo ulale. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, mahali, kisha mtu au somo: 2024-07-16-kibirizi-nyavu. Kadi iliyojaa igeuze kifudifudi kwenye mkebe wake, tupu iwe chali. Na anayeruhusiwa kufuta kadi awe mmoja tu, na asiwe yule aliyeshika kamera kutwa nzima.